Wimbo wa Mwisho Kwenye Gari la Mzee Mabula

Mzee Mabula hakunifukuza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, mkono wake ukiwa umeshika mlango wa gari, halafu akasema, "Nimsikie mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Masele, mwanawe wa kwanza, na Masele tulikuwa tumeshamzika. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilimfunika kule Nyarugusu. Wenzake walichimba mpaka wakamtoa, wakamleta nyumbani hapa, kijiji kilicho nje kidogo ya Bugarama. Siku ya mazishi nilikuja, nikakaa na wanawake wa jikoni, nikamenya viazi na mtoto wangu mgongoni. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Msibani, mwanamke anayemenya viazi haulizwi.

Sasa nilikuwa nimerudi kwa sababu kesho yake walikuwa wanamaliza msiba. Kwao, siku hiyo ukoo hukaa kikao, na watoto wa marehemu husimamishwa mbele ya watu na kutajwa kwa majina. Mtoto aliyetajwa ana kwao. Asiyetajwa anabaki wa mama yake, na hakuna mtu atakayekuja kumtafuta. Masele alikuwa hajapeleka ng'ombe kwa wazazi wangu, wala nyumbani kwao alikuwa hajafungua mdomo kusema kwamba nipo. Mtoto alikuwa huyu, Vumilia, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Na mimi nilikuwa na shahidi mmoja tu, wimbo. Kwenye CD aliyomtumia baba yake, wimbo wa mwisho kabisa, Masele alimtaja mtoto wake.

Najua kwa sababu nilikuwepo. Wakati ule nilikuwa nauza kwenye kibanda cha Nasibu pale Nyarugusu, tunachaji simu, tunarushia watu nyimbo kwenye flash, na wachache wenye magari ya zamani tunawachomea CD. Masele alikuwa manju, mwimbaji wa ngoma za Kisukuma. Jioni akitoka shimoni, bado ana vumbi kwenye nyusi, walikuwa wanamzunguka anaimba, na wachimbaji wakubwa wenye mikono kama majembe wanakaa kimya. Siku aliyotaka kumtumia baba yake nyimbo, alirekodi kwa simu yake mle mle kibandani, mlango umefungwa, mimi nimekaa juu ya ndoo nimempakata Vumilia. Wimbo wa mwisho, alipofika kwenye jina la mtoto, mtoto naye akaamka akaanza kulia, nikatoka naye nje ili asiharibu. Kilichofuata baada ya jina sikukisikia.

Simu ile alishuka nayo duarani siku yake. Kompyuta ya Nasibu iliungua na umeme, na nyimbo za watu wengi zikaenda nayo. Ikabaki CD moja tu, na CD hiyo ilikuwa inaruka.

"Mimi nilikuwa naisikia vizuri tu," Mzee Mabula aliniambia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, anaongea taratibu kama anayechagua mbegu. "Kila siku ya mnada naiweka. Gari lenyewe kaninunulia yeye, nyimbo kaniimbia yeye. Nikitoka hapa anaanza, nikifika mnadani nazima."

"Wimbo wa mwisho uliufikia, baba?"

Akafikiri. "Mnada uko karibu," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Nyimbo za Masele ni ndefu, kama za manju wote wa kwetu. Mzee alikuwa anafika mnadani kabla CD haijafika nusu, anazima gari. Akiwasha tena, redio ile ya zamani inaanza wimbo wa kwanza. Mwaka mzima mzee alikuwa ametembea na ule wimbo bila kuufikia. Na baada ya mazishi, alipotaka kuusikiliza, ukawa haushikiki.

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja, mbele ya nyumba ya bati. Gari dogo jeupe, limetoka Japani na redio yake, maandishi ya kwenye kioo chake hakuna aliyewahi kuyasoma hapa. Redio haina tundu la flash. Inajua CD tu. Mzee akaketi kwenye usukani, akaisukuma CD ndani. Masele akaanza kuimba.

Mama Masele alikuwa amekaa kwenye kizingiti anachambua choroko. Aliposikia ile sauti mikono yake ilisimama. Mimi niliangalia chini. Ni jambo gumu kusikia mtu uliyemwona akifukiwa anasalimia watu mmoja mmoja na kucheka katikati ya wimbo.

Mzee akabonyeza kwenda mbele, wimbo kwa wimbo, mpaka wa mwisho. Masele akasema, "Baba ng—" Halafu, "Baba ng— ba— ng—" Halafu kimya. Redio ikakoroma tumboni, ikaandika maneno yake ya Kijapani, ikaitema CD.

"Shahidi wako ana kigugumizi," akasema Wiliam.

Wiliam ni mdogo wake Masele, anayemfuata. Alikuwa ameegemea tairi la nyuma anachonga fimbo, na tangu nifike asubuhi alikuwa hajaniita jina, alikuwa ananiita mgeni wa CD.

"Wiliam," mama yake akasema.

"Nasema ukweli, mayu. Leo kaja huyu na wimbo. Kesho kutwa atakuja mwingine kutoka Kharumwa na video. Kaka alikuwa manju. Manju akitaja mwanamke kwenye wimbo, wanawake kumi wanajitokeza, kila mmoja anasema ni mimi yule."

Nimekulia nyumba yenye kaka wengi, najua kijana akisema hivyo hadharani mara nyingi anatafuta mtu wa kumpiga ili aweze kulia. Nikamwomba mzee ruhusa niitazame ile CD.

"Unazijua?"

"Nilikuwa nauza kwa anayezichoma, baba. Nimeona zikiletwa zinaruka. Kuzitengeneza alikuwa anatengeneza yeye, mimi naangalia."

Akanipa, kwa mikono miwili. Nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Nilianza na vumbi, kwa sababu barabara ya hapa ni vumbi tupu, na malori ya mgodini yakipita jua linafichika. Niliomba kipande cha kanga iliyochakaa, nikafuta upande unaong'aa kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja, sio kwa kuzungusha. Nikainamisha kwenye mwanga. Hakukuwa na mkwaruzo wa maana. Tukaiweka. "Baba ng— ba—" Ikatemwa.

"Pengine jicho la redio ndilo chafu," nikasema. "Baba, una CD nyingine yoyote?"

Alikuwa nayo, ya kwaya ya kanisani, nayo imechomwa tu, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Tukaiweka tukaenda mpaka wimbo wa mwisho. Kwaya iliimba mpaka ikasema amina, haikuruka hata mahali pamoja. Basi redio ilikuwa nzima.

"Mtikisiko?" Mzee akauliza.

"Gari limesimama, baba."

"Ndiyo. Limesimama."

Nikamwambia azime injini, redio ifanye kazi kwa betri, pengine ule mtetemo mdogo wa injini ndio. Akazima. Tukasikiliza tena. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri kabisa. Zile za katikati zikaanza kushikwashikwa, neno moja hapa, pigo moja la ngoma pale. Wa mwisho ndio haukukubali kabisa. Niliuona huo mpangilio nikakikumbuka kibanda cha Nasibu. CD inasomwa kuanzia ndani kwenda nje. Wimbo wa kwanza uko karibu na tundu, wa mwisho uko ukingoni. Kwa hiyo ugonjwa huu ulikuwa unaongezeka kadiri unavyokwenda ukingoni.

Mzee Mabula hakuwa anafikiria ukingo. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anaangalia mbele kama yuko barabarani.

"Zingine zote anasema," akasema polepole. "Hii hasemi. Anataja baba, halafu anakatisha." Akanigeukia. "Binti, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini kama mwenyewe amekataa kuisema, mimi nani nimsemeshe kwa nguvu?"

Mama Masele akafunika uso kwa kanga yake. "Hataki," akasema. "Mwacheni mwanangu. Tangu nimemweka pale ndiyo hataki."

Hapo ndipo nilipogeuza CD nikaitazama upande wa juu kwa mara ya kwanza kwa makini. Nilikuwa nimeiona tangu mwanzo, ila niliiona kama mtu anavyoona msalaba kwenye kaburi, huutazami, unaupa heshima yake unapita. Ilikuwa picha ya Masele. Pasipoti, ile yenye kitambaa cha bluu nyuma. Ilikuwa imebandikwa upande mmoja wa CD, karibu na ukingo, kwa gundi nyingi, na juu yake ikapitishwa karatasi ya nailoni isije ikalowa.

"Mayu," nikasema, "picha hii aliibandika nani?"

"Mimi." Aliondoa kanga usoni. "Baada ya kumzika. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, CD zimelala hovyo humo garini, mtu angemchukua akidhani ni kwaya. Nikasema acha akae hapo, ajulikane ni yeye."

"Na kabla ya hapo ilikuwa inaruka?"

Mzee ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, "Haikuwa inaruka."

Nilijua nimekanyaga pabaya. Mwanamke amembandika mwanawe kwenye sauti yake ili asipotee, na mimi, ambaye kwao sina hata kigoda, naja kumwambia ameiharibu. Nikakaa chini, nikamshusha Vumilia mgongoni nikamweka karibu na ungo wa choroko, nikamwomba Wiliam peni.

"Ya nini?"

"Nikuonyeshe. Sijui kueleza vizuri."

Nikaitumbukiza peni kwenye tundu la CD nikaishika imelala, CD ikaning'inia. Ikayumba kidogo, ikajigeuza, ikasimama. Picha ilikuwa chini. Nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka, ikarudi. Picha chini tena. Kila nilipoizungusha, Masele alirudi kichwa chini, uso kuelekea ardhini.

Mama Masele alishtuka. "Anaangalia chini," akasema.

"Ni uzito, mayu. Upande wenye picha umekuwa mzito. Ndani ya redio inazungushwa kwa kasi, basi inayumba, kama gurudumu la baiskeli lililopinda. Katikati haiyumbi sana, ndiyo maana zile za mwanzo anaimba. Ukingoni inapiga huku na huku, jicho la redio linampoteza. Hajakataa. Hapatikani tu."

Wiliam aliacha kuchonga. "Si tuibandue?" Akanyoosha mkono, ukucha wake tayari umeingia chini ya kona ya nailoni.

Nilimshika kiganja kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Usibandue!"

"Niachie, wewe. Unanishika kama nani?"

"Shemeji, tafadhali. Nyimbo haziko huku chini kunakong'aa. Ziko hapa juu, chini kidogo ya picha. Mtu mmoja alibandua karatasi kama hii pale kwa Nasibu. Iliondoka na ile fedha yote, CD ikabaki kama kioo cha dirisha, unaona mkono wako upande wa pili. Ukivuta hii, unavuta na wimbo."

Akatoa ukucha polepole. Tulibaki tunaitazama ile CD kwenye mapaja yangu, hakuna aliyetaka kuigusa. Picha ikikaa, Masele hasikiki. Picha ikitoka, Masele anatoka nayo.

"Kwa Nasibu hakuna mashine nyingine?" akauliza mzee.

"Nilimpigia asubuhi, baba. Anayo mpya. Lakini ya kompyuta inazungusha kwa kasi kuliko hii ya gari. Yenye uzito upande mmoja inanguruma humo ndani mpaka unaogopa. Anasema nyingine huwa inapasuka."

Mama Masele akasimama, akaacha choroko zake zimwagike. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemnyamazisha."

"Hapana, mayu."

"Ndiyo. Nimemziba mdomo kwa mkono wangu." Hakuwa analia. Alisema kama mtu anayesoma.

Jua lilikuwa limepita katikati, na wazee wa ukoo wanaotoka mbali walikuwa wameanza kufika, wamekaa upande wa pili wa nyumba wanasubiri uji. Nilisikia vikohozi vyao. Vumilia alikuwa anajaza choroko kwenye ngumi yake anazimwaga. Nilifikiria nini Nasibu angefanya. Nasibu hakuwa mtu wa maneno, ila siku moja nilimwona anatengeneza feni iliyokuwa inapiga kelele. Hakuondoa kitu. Alifunga kipande cha chuma kwenye jani la upande wa pili.

"Kama tukiweka kitu kingine upande huu," nikasema, "chenye uzito uleule, zitalingana."

Wiliam alienda kutafuta. Alileta kipande cha boksi, nikakikata, kikawa kinene, nikajua redio ingekibana mdomoni na kukikataa. Akaleta karatasi ya daftari. Nyepesi. Nikaikunja mara kadhaa, nikaishikilia pale kwa kidole na kuijaribu kwenye peni, bado Masele alikuwa anashuka. Tukikunja zaidi inakuwa nene kama boksi. Kilichotakiwa kilikuwa kitu chembamba na kizito, ukubwa uleule, karatasi ileile.

Nilikuwa nacho. Nilikijua tangu nilipoitaja feni kichwani mwangu, ila nilikuwa nakizunguka.

Nikafungua fundo la kanga kiunoni, nikatoa pochi yangu ndogo ya nailoni, na ndani yake picha. Masele, pasipoti, kitambaa cha bluu. Alipigwa kwa ajili ya kitambulisho cha machimboni, zikatoka nne kwenye karatasi moja. Moja ikaenda kwenye kitambulisho, moja akaituma nyumbani pamoja na CD, ya tatu akanipa mimi. Ya nne sijui ilikokwenda. Picha nyingine yake sina. Kwenye simu yangu hakutaka kupigwa, alikuwa anasema uso wake unafaa kusikika tu.

Sikuitoa ili iwe ushahidi. Kama ningetaka hivyo ningeitoa asubuhi. Picha mtu anaweza kuiokota. Lakini Mama Masele aliichukua mkononi mwangu kabla sijasema chochote, akaiweka kando ya ile ya kwenye CD. Akazitazama, hii, hii. Mkasi wa mpiga picha ulikwenda upande. Ukingo wa moja ulikuwa umeinama, na ukingo wa nyingine umeinama vilevile upande wa pili, kama vipande viwili vya muhogo uliovunjwa.

"Shati hili," akasema, "nimejiuliza siku zote. Mwanangu hakuwa na shati la kola kubwa namna hii."

"La Nasibu, mayu. Aliliazima. La kwake lilikuwa na matope, mpiga picha akamkataa."

Kitu kama kicheko kilimtoka mama yule, kidogo. "Toka mdogo," akasema. "Shuleni alikwenda na kaptula ya jirani."

Akanirudishia picha. "Ukiibandika haitoki tena," akaniambia. "Umesema mwenyewe."

"Haitoki."

"Na nyingine huna."

"Sina, mayu."

Akaingia ndani, akarudi na ile gundi ya watoto wa shule aliyotumia yeye, na kipande kilichobaki cha ile nailoni. Nikapima kwa uzi kutoka kwenye tundu, ili iwe mbali sawasawa. Nikapaka gundi nyingi kama alivyopaka yeye. Nikambusu Masele? Hapana, watu walikuwepo. Nilimfuta tu uso kwa kidole, nikambandika, nikapitisha nailoni juu.

Tukaianika kivulini mpaka ikakauka. Wiliam ndiye aliyeipepea kwa kofia yake, hakuna aliyemtuma. Halafu nikaitumbukiza peni. CD ikaning'inia. Nikaizungusha, ikazunguka, ikasimama picha zote mbili zikiwa kando, moja kushoto na moja kulia. Nikaizungusha tena, ikasimama mshazari. Haikuwa na chini tena.

Mzee Mabula alikaa kwenye usukani. Mama Masele akakaa upande wa pili. Wiliam akaingiza kichwa dirishani. Mimi nilisimama nje, nyuma ya mlango uliokuwa wazi, nimembeba Vumilia. Redio iliipokea CD taratibu, ikafikiri. Mzee akabonyeza mpaka wimbo wa mwisho.

"Baba ng'wenye ng'ombe," Masele akaimba, "umeamkaje."

Mzee akaongeza sauti.

Aliimba kwa Kisukuma, nami nauandika kwa Kiswahili, hivi nilivyousikia. Alimsalimia baba yake. Alimsalimia mama yake, akamwambia choroko za Nyarugusu zina mchanga, hazilingani na zake. Akamfikia mdogo wake. "Wiliam, mwoga wa giza, chunga ng'ombe, wewe usinifuate huku. Duara moja linatosha ukoo mmoja." Wiliam alikitoa kichwa dirishani, akaenda akasimama nyuma ya gari, mgongo wake umetugeukia.

Kisha ngoma ikatulia, ile ya kugonga kwenye meza ya Nasibu, na akasema, "Nina mtoto. Jina lake Vumilia, mama yake ni Justina, anauza nyimbo na yeye mwenyewe haimbi." Na kwa mbali, ndani ya redio, mtoto akalia. Alikuwa Vumilia. Nikasikia kitasa cha mlango, nikasikia hatua zangu mwenyewe zikitoka.

Kilichofuata ndicho nilikuwa sijakisikia.

"Baba," Masele akaimba, sauti ameishusha, "nimekuja nyumbani mara ngapi nikashindwa kukwambia. Nikikuona ulimi unakuwa jiwe. Kwa hiyo nimekuwekea hapa mwisho, ukiwa peke yako barabarani. Ukifika hapa, usinijibu. Chukua ng'ombe, uende kwao Justina. Ukienda nitajua umenisikia. Nakungoja, baba. Nakungoja."

Aliirudia hiyo nakungoja mpaka ngoma ikaisha. Redio ikanyamaza yenyewe. Haikuitema CD.

Mzee Mabula aliendelea kushika usukani. Nilimwona kwa nyuma, shingo yake tu na kola ya koti. Akasema, si kwa mtu, "Alikuwa ananiambia humu. Kila mnada alikuwa ananiambia, mimi nikifika nazima."

"Hukujua," mkewe akasema.

"Alingoja mwaka mzima. Atakuwa alidhani nimekataa."

Mimi ndiye niliyejua kwamba ni kweli. Miezi ya mwisho Masele alikuwa anakaa nje ya kibanda anaangalia barabara ya kutokea Bugarama, na nikimuuliza anangoja nani anasema hangoji mtu. Nilimkasirikia kwa hilo. Nilidhani ananificha mwanamke. Sikumwambia mzee. Kuna kitu unamwachia mtu, na kuna kitu unambebea.

Alishuka. Alikuja mpaka niliposimama, akanyoosha mikono. Vumilia hampendi mtu asiyemjua, lakini mikono ile ilikuwa na harufu ya sigara na ng'ombe, akaenda.

"Vumilia," mzee akasema, kama anayejaribu uzito wake. Halafu akamgeukia mkewe. "Waambie wale wazee waje huku mbele. Kikao tutakifanyia hapa garini."

Kesho yake kilifanyika hivyo. Ukoo mzima ulizunguka gari, milango yote imefunguliwa, na Masele akamtaja mtoto wake kwa mdomo wake. Mzee mmoja alisema haijapata kutokea maiti kuhudhuria kikao. Mwingine akasema na amalize basi, asikatishwe. Mtoto alisimamishwa, akakaa chini, akasimamishwa tena.

Kabla sijaondoka Mama Masele aliniita pembeni. Alikuwa ameshika kisu chembamba cha kukatia mboga. "Nimewaza usiku. Nasibu si anaweza kuichoma nyingine sasa, maadamu imekaa sawa? Akishamaliza, nijaribu kukutolea picha yako, polepole, kwa mvuke."

"Nasibu ataichoma, mayu. Lakini picha iache. Ukitoa moja, ataanza kuyumba tena."

Akakishusha kisu. "Haya, mkamwana," akasema.

Walitupeleka wenyewe mpaka barabara kubwa. Ilikuwa siku ya mnada. Mzee alimkalisha Vumilia mbele, mapajani kwa bibi yake, akaweka CD tangu mwanzo. Tulifika mnadani Masele akiwa bado anasalimia watu wa wimbo wa tatu. Wanunuzi wa ng'ombe walimpungia mzee, mmoja akaja kuegemea dirisha. Mzee Mabula akaegesha chini ya bango, akavuta breki ya mkono, akamwonyesha yule mtu kiganja, kwamba angoje.

Hakuzima.